Maharage Yamechacha Jumanne, Wali Umegeuka Mawe

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 27, naishi Buhongwa na mdogo wangu wa kiume anayesoma kidato cha nne. Nafanya kazi dukani mjini. Tunafunga saa 12 jioni, halafu foleni ya Mkuyuni hadi Nyegezi inanimaliza, nikifika nyumbani ni saa 2 usiku na sina hamu hata ya kuwasha jiko. Niseme ukweli tu: sipendi kupika. Nimekaa bweni tangu shule ya msingi, kwa hiyo sikuwahi kusimama jikoni na mama. Ila watu wanadhani msichana akishazaliwa tu anajua kuunga maharage.

Mwaka jana niliacha kula nyama na samaki. Siumwi, ni uamuzi wangu. Mayai na maziwa natumia. Kwa hapa Mwanza ukisema huli samaki, watu wanakupa pole. Na vibandani ukitoa samaki na nyama, kinachobaki ni chipsi mayai. Nimekula chipsi mayai mpaka harufu yake inanichefua.

Jumapili iliyopita nikasema nipike cha wiki nzima. Nilichemsha maharage kilo 1 pamoja na nyanya na vitunguu ili nimalize kazi mara moja. Yalikaa motoni saa 3, mengine bado magumu. Nikatia tui la nazi, nikaiacha sufuria jikoni ipoe mpaka usiku, nikaiingiza kwenye friji nzima nzima na mfuniko wake. Jumanne nafunua, yana povu na yamechacha. Nikamwaga yote. Wali niliopika siku hiyohiyo ulikuwa umegeuka mawe. Pesa imekwenda, gesi imekwenda.

Nina jiko la gesi la pleti 2, friji ndogo yenye kisanduku cha barafu juu, sufuria 3 na kisu kibutu. Sina blenda wala sufuria ya presha. Mdogo wangu anasema chakula changu hakina ladha na kila siku anaulizia sato. Nielekeze kama mtu asiyejua kitu: nipike nini, lini, na nihifadhi vipi ili nikirudi usiku kazi iwe ndogo?

Ni mimi, Mvivu wa Jiko, Buhongwa.

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu. Mpango wa kupika milo ya wiki nzima Jumapili uache, ndio uliokuponza. Chakula kilichokwisha kuungwa, kikatiwa na tui, hakina maisha marefu katika joto letu, na wali hauna kabisa. Jumapili pika vitu viwili tu vinavyokula muda: maharage na dengu zilizochemshwa kwa maji na chumvi basi, na rosti ya nyanya na vitunguu. Hivyo vikiwa kwenye friji, ukiingia saa 2 usiku unabakiwa na kazi ya dakika 25, na nyingi kati ya hizo ni za kusubiri wali uive huku wewe unaoga.

Tuanze na maharage yaliyogoma. Uliyaweka na nyanya tangu mwanzo, na nyanya zina asidi. Asidi inaifanya punje ibaki imara, haitaki kulainika, hata ungechemsha mpaka gesi iishe. Nyanya, ndimu na ukwaju vinaingia maharage yakishaiva, si kabla. Chumvi nayo watu wanaisingizia. Chumvi ndani ya maji ya kuloweka inasaidia ganda kulainika. Sababu nyingine inaweza kuwa umri wa maharage yenyewe. Yakikaa ghalani mwaka mzima kwenye joto na unyevu yanakuwa sugu. Sokoni angalia yenye rangi inayong'aa na ganda lisilo na makunyanzi, na muulize muuzaji ni ya msimu upi. Usinunue nusu huku na nusu kule ukachanganya, maana ya zamani yatabaki mawe wakati mapya yamekwisha kuwa uji. Hiyo hali ya "mengine bado magumu" mara nyingi inatokana na hapo.

Kwa watu wawili nusu kilo ya maharage na robo kilo ya dengu inatosha. Kilo nzima ilikuwa nyingi kwa friji yako. Jumamosi usiku yachambue, toa mawe na punje zilizotobolewa na wadudu, yaoshe, kisha loweka maharage kwenye lita 2 za maji yenye kijiko 1 cha chakula cha chumvi. Dengu ziloweke kwenye chombo chake, lita 1 na nusu kijiko. Saa 8 hadi 12 zinatosha. Ukizidisha hapo, kwa joto la Mwanza, utakuta vipovu na harufu ya uchachu, kwa hiyo ukijua utachelewa kuamka ingiza bakuli kwenye friji.

Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya yapite juu ya maharage kwa vidole 2. Moto mkubwa, bila mfuniko, na yakianza kuchemka yaache yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili. Usiruke hatua hii, hasa kwa maharage mekundu. Yana sumu ya asili, lektini, inayoleta kutapika na kuharisha vibaya, na moto mdogo wa pole hauiondoi hata ukae saa nyingi. Baada ya hapo punguza moto, funika ukiacha mwanya, na yaendelee dakika 50 hadi 75. Maji yakipungua ongeza ya moto ili yasiache kuchemka. Kujua kama yameiva, chota punje 5 kutoka sehemu tofauti za sufuria, ziminye kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Zote 5 zikipondeka, yameiva. Nne haitoshi. Hapo ndipo unatia chumvi kijiko 1 cha chai, unaonja, unazima.

Magadi? Yanalainisha haraka kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Ukigundua maharage ni ya zamani na umeshayanunua, tia robo kijiko cha chai cha magadi kwenye maji ya kuloweka, kisha yamwage maji hayo. Kwenye maji ya kupikia usitie.

Dengu zinapikwa vilevile kwenye pleti ya pili, dakika 60 hadi 90. Zile ndogo za kahawia zinazolimwa Kwimba, Misungwi na Shinyanga kwenye mbuga nyeusi, zikiota kwa unyevu uliobaki baada ya mvua, zina ganda gumu kuliko zile kubwa nyeupe za dukani. Hazitapondeka kama maharage. Zikitafunika bila kuacha unga mkavu katikati, zimeiva, usizingoje ziwe laini zaidi.

Una pleti 2 na vyote viwili vimezijaza, rosti utaipika wapi? Maharage yakishatokota dakika 30 kwa jumla, funika sufuria vizuri, iweke ndani ya beseni lililotandikwa blanketi, izungushie blanketi pande zote na juu, iache saa 2 hadi 3. Joto lililomo linamalizia kazi bila gesi. Sufuria lazima iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwa sababu ikiwa nusu tupu inapoa kabla maharage hayajaiva. Ukiitoa, irudishe motoni ichemke dakika 10, onja, na kama bado inahitaji robo saa iongezee. Pleti imepatikana.

Kabla ya rosti, kisu. Kisu kibutu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu kinateleza juu ya ganda la kitunguu badala ya kuingia. Geuza kikombe cha kauri, utaona chini yake duara la kukwaruza lisilo na rangi. Laza kisu karibu kabisa na kulala, sukuma kama unachonga wembe mwembamba kutoka kwenye duara hilo, mara 10 upande huu na mara 10 upande ule. Kisuuze, kifute. Hakitakuwa kipya, ila kitakata nyanya.

Rosti inataka nyanya mbivu kilo 2, vitunguu maji 6 vya wastani, karoti 3, hoho 2, kichwa kizima cha kitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, mafuta nusu kikombe, bizari ya mchuzi vijiko 2 vya chai na chumvi vijiko 2 vya chai. Ukinunua kwa mafungu, usihesabu mafungu maana kila muuzaji ana lake. Hesabu nyanya, 17 hadi 20 za wastani ni kama kilo 2. Kwa kuwa huna blenda, kata nyanya katikati, bana upande uliokatwa kwenye kile cha kukwangulia karoti, kwangua mpaka ganda libaki mkononi. Ganda tupa.

Pasha mafuta, tia vitunguu, moto wa kati, na uvumilie dakika 12 hadi 15 mpaka viwe vya rangi ya dhahabu iliyoiva. Hapa ndipo ladha inapotengenezwa, na nina hakika ndipo mdogo wako anapopata hoja yake. Wanaopika kwa haraka wanatia nyanya vitunguu vikiwa bado vyeupe, halafu mchuzi wote unanuka kitunguu kibichi na hakuna chumvi itakayouokoa. Vikishakuwa vya dhahabu tia saumu na tangawizi zilizotwangwa, geuza dakika 1, kisha bizari nusu dakika. Bizari inatoa harufu yake kwenye mafuta ya moto. Ukiimwaga kwenye maji inabaki unga tu. Tia karoti zilizokwanguliwa na hoho, dakika 5, halafu nyanya na chumvi. Acha wazi, moto wa kati, geuza mara kwa mara kwa dakika 35 hadi 45. Ikianza kuruka, funika nusu. Imeiva mafuta yanapojitenga pembeni na mwiko unapoacha njia chini ya sufuria. Rosti yenye maji mengi ina ukali wa nyanya mbichi na inachacha mapema. Utapata vikombe 5 hivi, nikimaanisha kikombe cha mililita 250, robo lita.

Sasa kuchacha, maana ulilolifanya ndilo linalofanywa na wengi. Chakula kinapokaa kati ya nyuzi 5 na 60 za joto, vijidudu vinaongezeka kwa kasi, na jikoni kwako mchana ni nyuzi 27 na zaidi. Sufuria iliyojaa, imefunikwa, inabaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi hata ikiwa ndani ya friji, na juu ya hapo inapasha vitu vingine vyote vilivyomo. Tui likaongeza kasi. Kipindi cha kati ya kuzima jiko na chakula kuwa baridi kisizidi saa 2.

Njia ni hii: weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, geuza chakula kwa mwiko, badilisha maji yakipata joto. Kwa nusu saa maharage yatakuwa hayachomi mkono. Yagawe kwenye makopo ya plastiki au mabakuli yenye mfuniko, kina kisizidi vidole 3, ingiza kwenye friji yakiwa wazi kidogo, funika kabisa yakishapoa. Rosti usiiache kwenye sufuria ya alumini, kwa kuwa asidi ya nyanya inaila alumini na chakula kinapata ladha ya chuma. Gawanya kwa milo, si kwa aina ya chakula: kila kopo liwe la usiku mmoja wa watu wawili. Ukitoa kopo moja kubwa kila siku, ukachota, ukarudisha, siku ya 3 limepoa na kupata joto mara tatu.

Vya Jumatatu hadi Jumatano vikae chini kwenye friji. Vya Alhamisi na Ijumaa vipandishwe kwenye kisanduku cha barafu, na usiku wa kuamkia siku yake unavishusha chini viyeyuke. Visanduku vya friji ndogo havina ubaridi wa friza halisi, kwa hiyo usitegemee kuhifadhi humo zaidi ya wiki 2. Umeme ukikatika usifungue mlango. Friji iliyofungwa inashikilia ubaridi kama saa 4. Na kwa kuwa mchana kutwa hupo nyumbani, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, ukiache humo. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama, jua umeme ulikatika muda mrefu na vitu vikayeyuka vikaganda tena. Chakula cha hapo kimwage.

Usijaribu kuokoa kilichochacha kwa kukichemsha. Vijidudu vitakufa, lakini baadhi yao vimeshaacha sumu ambayo moto hauiondoi. Wali ndio hatari zaidi katika hilo, na wala hautoi harufu ya kukuonya.

Kwa hiyo wali pika usiku huohuo. Uligeuka mawe kwa sababu wanga wa mchele ukiingia kwenye baridi unajikaza, hiyo ndiyo tabia yake. Kwa wawili, mchele kikombe 1 na nusu, maji vikombe 3 kasoro kidogo ikiwa mchele ni mpya, mafuta kijiko 1, chumvi nusu kijiko cha chai. Ukibaki, upoze ndani ya saa 1, ule kesho yake tu, na kuupasha nyunyiza maji vijiko 2, funika, moto mdogo kabisa mpaka utoe mvuke wote.

Wiki yenyewe iende hivi. Jumatatu maharage vikombe 2 na maji yake, rosti kikombe 1, yachemke pamoja dakika 10, ponda kijiko kimoja kimoja pembeni mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito. Ukitaka tui, ni sasa: tui zito kikombe 1, geuza mpaka lianze kutokota tu, kisha zima. Likichemka kwa nguvu bila kugeuzwa linakatika. Kamulia ndimu ukishaepua. Kula na wali.

Jumanne dengu zote, rosti kikombe 1, maji nusu kikombe, pilipili kama mnaipenda, dakika 15. Chapati nunua kwa mama lishe ukiwa njiani. Hakuna sababu ya mtu asiyependa kupika kusukuma chapati siku ya kazi.

Jumatano mchicha wa karanga na ugali. Hapa sipiti haraka, maana karanga zina mtego. Nunua karanga nzima, si unga uliokwisha kusagwa, uzichague mwenyewe. Tupa zote zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au chungu, kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu, ambayo kupika hakuitoi. Jumapili, ukiwa unasubiri maharage, zikaange kidogo, pukuta maganda, zitwange. Kopo kavu lililofungwa litakaa kwenye friji wiki 2 bila shida. Siku yenyewe, koroga nusu kikombe cha unga huo na maji ya baridi robo tatu ya kikombe mpaka uwe laini, la sivyo utapata mabonge. Pasha rosti nusu kikombe, mimina karanga, moto mdogo, geuza bila kuacha dakika 10 kwa sababu inashika chini upesi. Tia mchicha ulioosha na kukata, mafungu 3 makubwa, utajaza sufuria na kunywea mpaka uone haya. Dakika 5 zinatosha. Ukiwa na ndugu Magu au Kwimba, waombe wakutumie nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa. Hayahitaji friji wala haraka. Yaoshe, yachemshe mpaka yalainike, kisha karanga kwa namna hiyohiyo. Na michembe pia iagize, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, inachemshwa tu na kuliwa asubuhi.

Ugali: maji vikombe 3, moja kati yake yawe baridi ukoroge humo vijiko 4 vya unga. Mengine yakichemka mimina huo mchanganyiko, acha utokote kama uji dakika 3, halafu tia unga kidogo kidogo ukisonga, vikombe 2 na nusu hivi. Mabonge yanatokana na kumwaga unga mwingi kwa mpigo. Ugali mbichi unatokana na kuepua mapema, kwa hiyo uukandamize, funika, moto mdogo, dakika 5 zaidi.

Alhamisi umeshachoka, na mimi ningechoka. Pasha rosti kikombe 1 na nusu kwenye kikaangio, fanya vishimo 4 kwa kijiko, pasua yai katika kila kimoja, funika dakika 7 hadi 8 mpaka kiini kishike. Mkate. Basi.

Ijumaa maharage yaliyokuwa kwenye barafu, vikombe 2, na viazi mviringo 4 vilivyokatwa vipande 4. Chemsha viazi kwanza kwa maji na chumvi mpaka kisu kiingie, ndipo maharage na rosti kikombe 1. Ukibadilisha mpangilio viazi vitakaidi, kwa sababu ileile ya nyanya. Utabaki na vikombe karibu 2 vya maharage kwenye barafu kwa wiki inayofuata. Wiki hiyo badala ya dengu weka choroko, ambazo hazihitaji kulowekwa na zinaiva kwa dakika 35 hadi 45, au makande, yanayochukua saa 2 motoni lakini yanavumilia kugandishwa kuliko chakula chochote nilichokutajia.

Kwa kuwa unakula mayai na kunywa maziwa, vitamini B12 unaipata humo, usiviache vyote viwili bila kuongea na mtaalamu wa lishe. Madini ya chuma ya maharage na mchicha yanaingia mwilini vizuri zaidi ukila na ndimu, chungwa au pilipili hoho. Chai ya rangi iache mpaka saa 1 baada ya kula, maana inayazuia.

Na huyo mdogo wako ana mikono miwili. Kuchambua na kuloweka Jumamosi ni kazi yake, mchele wa usiku auweke yeye motoni saa 1 na nusu usiku, kabla hujafika, na nyanya akwangue yeye. Akiulizia sato, anunue kipande kilichokwisha kukaangwa, akile na maharage yenu mezani. Akitaka kukaanga mwenyewe, awe na kikaangio chake na mafuta yake, na mafuta hayo yasirudi kwenye chupa yako, kwa sababu harufu ya samaki haitoki na utaila katika kila rosti ya mwezi huo.